Kufuta rekodi za zamani kwenye kanzidata kubwa: dalili, visababishi na tiba

Anayeagiza rekodi za miaka ya nyuma zifutwe huwa anatarajia mfumo upumue: diski ipate nafasi, kwiri (maswali yanayoulizwa kanzidata) ziende mbio, bakapu (nakala ya akiba) iishe mapema. Siku ya kazi yenyewe mara nyingi hutokea kinyume. Diski inajaa, watumiaji wanalalamika, na amri ya DELETE iliyoanza saa mbili usiku bado haijaisha alfajiri.

Chanzo ni kimoja, na ukikishika utaelewa karibu kila dalili iliyoko hapa chini. Kwa kanzidata, kufuta ni kuandika. Kila rekodi unayoifuta lazima ishikwe kwa kufuli, iandikwe kwenye logi (daftari la kila badiliko), kisha itunzwe mahali mpaka ijulikane kwamba hakuna tena anayeihitaji. Unaweza kuihitaji wewe mwenyewe ukighairi. Inaweza kuihitaji kwiri iliyoanza kabla yako, au replika (seva nyingine inayotunza nakala ya data) iliyobaki nyuma. Kwa hiyo kila unapokwama, jiulize kwanza: nani bado anaizuia rekodi hii isiondoke?

Mwongozo unagusa PostgreSQL, MySQL yenye injini ya InnoDB, SQL Server na Oracle. Mifano inatumia jedwali la matukio, lenye safu za id na tarehe, pamoja na jedwali mtoto la viambatisho linaloyarejelea matukio kupitia safu ya tukio_id.

Na kabla ya yote, bakapu. Ninamaanisha bakapu iliyowahi kurejeshwa kwenye seva nyingine ikafunguka na data ikaonekana. Isiyowahi kurejeshwa usiihesabu.

Dalili: DELETE inakimbia saa nyingi na haiishi

Hii ndiyo inayoripotiwa kuliko zote. Usianze kwa kulaumu seva. Anza kwa kujua kama amri inafanya kazi au imesimama kwenye foleni ikisubiri kufuli la mtu mwingine, kwa sababu ukiitazama kwa nje hali hizi mbili zinafanana kabisa.

Kwenye PostgreSQL:

```
SELECT pid, pg_blocking_pids(pid), state, query
FROM pg_stat_activity
WHERE cardinality(pg_blocking_pids(pid)) > 0;
```

MySQL ina sys.innodb_lock_waits. SQL Server inaonyesha blocking_session_id ndani ya sys.dm_exec_requests, na Oracle ina safu ya BLOCKING_SESSION kwenye V$SESSION. Ukimkuta anayekuzuia, mara nyingi ni muunganisho uliofungua muamala (kundi la mabadiliko yanayothibitishwa au kughairiwa kwa pamoja) ukausahau: mtu aliandika BEGIN, akabadilisha rekodi mbili, akaenda nyumbani. Mtafute mwenyewe kwanza kabla ya kuukata.

Kama hakuna anayekuzuia, kisababishi kinachofuata kwa wingi ni sharti lisiloweza kutumia indeksi (orodha iliyopangwa ya kutafutia rekodi). Angalia kama safu ya tarehe ina indeksi, kisha angalia ulivyoandika sharti lenyewe. `WHERE YEAR(tarehe) < 2019` inailazimisha kanzidata kukokotoa mwaka wa kila rekodi moja moja. `WHERE tarehe < '2019-01-01'` inatumia indeksi moja kwa moja. Ni marekebisho ya sekunde chache, na nimeyafanya mara nyingi kuliko yoyote mengine.

Kisababishi cha tatu kinajificha vizuri zaidi, na ndicho ningependa ukae nacho. Mpango wa EXPLAIN (amri inayoonyesha jinsi kanzidata itakavyotekeleza kwiri) ni safi, indeksi inatumika, hakuna anayezuia, lakini rekodi elfu moja zinachukua dakika kadhaa. Tatizo haliko kwenye matukio. Liko kwenye viambatisho. Kila tukio linapofutwa, kanzidata lazima ihakikishe hakuna kiambatisho kinachobaki kinaning'inia, na kama tukio_id haina indeksi, uhakiki huo unasoma jedwali zima la viambatisho upya kwa kila tukio moja. InnoDB huunda indeksi ya ufunguo wa kigeni (safu ya mtoto inayomrejelea mzazi, kama tukio_id) yenyewe. PostgreSQL, SQL Server na Oracle haziundi. Hiyo ni kazi yako.

EXPLAIN ya kawaida haiuonyeshi mzigo huu. Kwenye PostgreSQL fanya jaribio la fungu dogo, kisha lirudishe nyuma:

```
BEGIN;
EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS)
DELETE FROM matukio WHERE id BETWEEN 480001 AND 481000;
ROLLBACK;
```

Shuka hadi mistari ya mwisho ya jibu. Nilipokutana na tatizo hili mara ya kwanza, mstari ulisomeka hivi:

```
Trigger for constraint viambatisho_tukio_id_fkey: time=184213.507 calls=1000
```

Hiyo ni milisekunde. Karibu dakika tatu na sekunde tano zilikwenda kwenye kukagua mtoto, ilhali kuzifuta rekodi zenyewe hakukufika hata sekunde moja. Niliunda indeksi kwenye tukio_id kwa CREATE INDEX CONCURRENTLY, ambayo haizuii wanaoandika, nikarudia jaribio lilelile, na mstari ule ukashuka hadi milisekunde chache. Kwa hiyo kabla ya kufuta chochote, orodhesha majedwali yote yanayolirejelea jedwali lako na uhakikishe kila safu inayorejelea ina indeksi.

Kwenye Oracle madhara yanazidi ucheleweshaji: ufunguo wa kigeni usio na indeksi unaweza kulifunga jedwali mtoto lote wakati mzazi anafutwa.

Visababishi vilivyobaki hutokea kwa nadra zaidi: triga (amri inayojiendesha yenyewe) inayoandika historia kwa kila rekodi inayofutwa, au jedwali lenye indeksi nyingi ambazo zote lazima ziguswe. Na kuna hali ambayo hakuna kisababishi cha kurekebisha, ila njia yenyewe haifai. Kama unafuta zaidi ya nusu ya jedwali, indeksi haitakusaidia sana. Ni nafuu kunakili rekodi *zinazobaki* kwenye jedwali jipya, kujenga indeksi, kubadilishana majina, kisha kulidondosha la zamani. Inahitaji kipindi ambacho hakuna anayeandika, na inahitaji uangalifu kwenye ruhusa, triga na funguo za kigeni, kwa kuwa hizo hazihami zenyewe.

SIMAMA HAPA: ukiamua kukatisha DELETE iliyokwisha kukimbia kwa saa nyingi, jua kwamba kwenye MySQL, SQL Server na Oracle kazi ya kurudisha nyuma inaweza kuchukua muda uleule au zaidi. PostgreSQL hurudi papo hapo. Usiizime seva kwa nguvu ukidhani itasahau: ikiwaka, itaendelea kurudisha nyuma kuanzia ilipoishia, na huenda isikubali kutumika vizuri mpaka imalize. Fuatilia trx_rows_modified kwenye information_schema.innodb_trx ya MySQL, au USED_UREC kwenye V$TRANSACTION ya Oracle, au KILL ... WITH STATUSONLY kwenye SQL Server. Namba ikiwa inashuka, subiri. Isiposhuka kabisa, mwite msimamizi wa kanzidata mwenye uzoefu kabla ya kugusa kitu kingine.

Dalili: unafuta kwa mafungu, lakini kila fungu linachukua muda mrefu kuliko lililotangulia

Umefanya jambo la busara, umegawa kazi. Mafungu ya kwanza yanaisha kwa sehemu ya sekunde, la mia mbili linachukua nusu dakika.

Karibu kila mara kisababishi ni namna unavyolitafuta fungu linalofuata. Amri inasema "nipe rekodi 5,000 za zamani kuliko zote", na kanzidata inaanza mwanzo wa indeksi. Lakini mwanzo wa indeksi sasa umejaa alama za rekodi ulizokwisha kuzifuta ambazo hazijazolewa. Inazipita zote, moja moja, ndipo ifike kwenye rekodi hai. Kila fungu linaongeza makaburi ambayo fungu linalofuata lazima liyavuke.

Tiba ni kukumbuka ulipofika. Tafuta id ndogo na id kubwa mara moja tu mwanzoni, kisha tembea:

```
DELETE FROM matukio
WHERE id > 480000 AND id <= 485000
  AND tarehe < '2019-01-01';
COMMIT;
```

Fungu linalofuata linaanza 485000, na kadhalika. Andika namba uliyofikia kwenye jedwali dogo la pembeni, ili kazi ikikatika ianzie hapo. Njia hii haitegemei LIMIT, ambayo PostgreSQL haiikubali kwenye DELETE, na inafanya kazi kwenye kanzidata zote nne.

Kama tayari unatembea kwa id na bado mafungu yanarefuka, angalia kama kuna muamala mrefu unaozuia uzoaji wa rekodi zilizofutwa. Kwenye MySQL andika SHOW ENGINE INNODB STATUS na utafute mstari wa History list length. Ikipanda bila kushuka, kuna kwiri ya zamani, mara nyingi ripoti au bakapu, inayoshikilia picha ya data ya tangu ilipoanza. Isubiri iishe, au iahirishe hadi siku nyingine.

Dalili: programu inaganda wakati unafuta

Watumiaji wanapata ujumbe wa kusubiri kufuli kupita muda. Kwenye MySQL ni kosa namba 1205, na muda wa kawaida wa kusubiri ni sekunde 50.

Kwanza kabisa, fungu lako ni kubwa mno. Kwenye SQL Server kuna mpaka wa kuukumbuka: amri moja ikishika takriban makufuli 5,000 kwenye jedwali moja, injini inaweza kuyabadilisha yote kuwa kufuli moja la jedwali zima. Mafungu ya 2,000 hadi 4,000 hukaa salama. Usisahau COMMIT (amri ya kuthibitisha muamala) baada ya kila fungu. Nimekuta skripti zenye mafungu mazuri kabisa zilizofungwa zote ndani ya muamala mmoja, na hapo ugawaji hauna faida yoyote.

Pili, sharti lisilo na indeksi. Kwenye InnoDB, katika kiwango chake cha kawaida cha kutenganisha miamala, yaani REPEATABLE READ, DELETE hufunga kila rekodi inayoisoma, hata ile isiyofutwa, pamoja na nafasi zilizo kati yake. Bila indeksi, hiyo ni sawa na kulifunga jedwali lote. Weka indeksi, au endesha kazi hii katika READ COMMITTED.

Tatu, na hii huwashangaza wengi kwenye PostgreSQL: hufuti kwa DELETE, unaondoa patishani (kipande cha jedwali lililogawanywa) au unabadilisha jedwali, na amri hiyo inangoja kwiri moja ndefu iishe. Wakati inangoja, kila anayekuja baada yake anapanga foleni nyuma yake, hata wanaotaka kusoma tu. Amri ambayo ingechukua milisekunde inasimamisha mfumo mzima. Kinga yake ni mstari mmoja kabla ya amri:

```
SET lock_timeout = '3s';
```

Ikishindwa ndani ya sekunde tatu inajiondoa, nawe unajaribu tena baadaye.

Dalili: diski inajaa badala ya kupungua

Hapa ndipo watu huharibu kanzidata nzima kwa haraka ya kutafuta nafasi. Acha kufuta rekodi, usifute faili lolote kwa mkono, kisha tafuta ni nini kinachokua.

Kwa wingi ni logi za miamala. Kila rekodi iliyofutwa imeandikwa humo, na logi haiwezi kusafishwa mpaka kila anayeihitaji aisome.

Kwenye PostgreSQL angalia pg_replication_slots. Kama kuna mstari ambao active ni f, kuna replika au mfumo uliokatika zamani, na seva inaitunzia logi zote tangu siku hiyo. Kuanzia toleo la 13 unaweza kuweka kikomo kwa max_slot_wal_keep_size. Kisha angalia failed_count kwenye pg_stat_archiver: uhifadhi wa logi ukishindwa, logi hurundikana kimya kimya.

Kwenye SQL Server:

```
SELECT name, log_reuse_wait_desc FROM sys.databases;
```

Jibu la LOG_BACKUP maana yake logi inasubiri bakapu yake. Ichukue, na uichukue mara kwa mara wakati kazi ya kufuta inaendelea. ACTIVE_TRANSACTION maana yake kuna muamala mrefu, na huenda ni wa kwako.

Kwenye MySQL ni logi za binari, ambazo katika toleo la 8.0 hukaa siku 30 usipobadilisha. Zipunguze kwa PURGE BINARY LOGS baada ya kuhakikisha replika zote zimekwisha kuzisoma, pamoja na zile zilizokatika kwa muda. Kwenye Oracle kosa la ORA-30036 linasema nafasi ya undo (data ya kughairia mabadiliko) imekwisha, na tiba ni mafungu madogo zaidi.

SIMAMA HAPA: kamwe usifute faili ndani ya folda ya pg_wal, wala faili la logi la SQL Server, wala faili za redo za Oracle au InnoDB. Zamani folda ile ya PostgreSQL iliitwa pg_xlog, na watu waliifuta wakidhani ni logi za kawaida za ujumbe. Hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya jina libadilishwe katika toleo la 10. Ukifuta humo, kanzidata inaweza isiwake tena. Diski ikijaa hadi seva imesimama, ongeza diski au hamisha kitu *kisicho cha kanzidata*, na umwite mtaalamu.

Dalili: nimefuta nusu ya jedwali, nafasi haijarudi

Mara nyingi hapa hakuna hitilafu. Nafasi imeachwa wazi ndani ya faili la jedwali ili rekodi mpya ziitumie. Kama jedwali linaendelea kupokea data kila siku, liache. Baada ya miezi michache litakuwa limeijaza nafasi hiyo bila faili kukua. Ningekushauri uridhike na hilo katika visa vingi.

Ila hakikisha nafasi kweli inaweza kutumika tena. Kwenye PostgreSQL angalia n_dead_tup na last_autovacuum kwenye pg_stat_user_tables. Autovacuum, usafishaji unaojiendesha wenyewe, kwa mipangilio ya kawaida husubiri rekodi mfu (zilizofutwa lakini hazijazolewa) zifike asilimia 20 ya jedwali. Jedwali la rekodi milioni 200 litasubiri mfu milioni 40. Punguza autovacuum_vacuum_scale_factor kwa jedwali hilo peke yake, au endesha VACUUM mwenyewe baada ya kila mafungu kadhaa. VACUUM ikikamilika na rekodi mfu zikabaki, tunarudi kwenye swali letu: nani anazizuia? Muamala mrefu, sloti ya replika, au muamala uliotayarishwa ukasahaulika kwenye pg_prepared_xacts.

Ukihitaji kweli kuirudisha nafasi kwa mfumo wa uendeshaji, zipo njia: VACUUM FULL (PostgreSQL), OPTIMIZE TABLE (MySQL), ALTER TABLE ... SHRINK SPACE (Oracle). VACUUM FULL hulifunga jedwali hata kwa wasomaji, na huandika nakala mpya kabla ya kuitupa ya zamani, kwa hiyo inahitaji nafasi ya ziada inayotosha nakala hiyo. Usiiendeshe kwenye diski iliyojaa. Kiongezi cha pg_repack hufanya kazi hiyohiyo kwa kufunga muda mfupi tu, ingawa nacho kinahitaji nafasi ya nakala.

Dalili: baada ya kufuta, kwiri zimekuwa nzito zaidi

Takwimu za jedwali zimepitwa na wakati. Kanzidata bado inapanga kwiri kana kwamba rekodi zote zipo. Endesha ANALYZE kwenye PostgreSQL, ANALYZE TABLE kwenye MySQL, UPDATE STATISTICS kwenye SQL Server, au DBMS_STATS kwenye Oracle. Katika visa vingi inaishia hapo.

Isipoishia, kwenye Oracle kuna alama ya kilele cha jedwali: usomaji wa jedwali zima husoma mpaka pale jedwali lilipowahi kufika, hata kama sehemu kubwa sasa ni tupu. SHRINK SPACE huishusha.

Dalili: replika imebaki nyuma kwa saa kadhaa

Kwenye MySQL, replika kwa kawaida huanza kuutekeleza muamala baada ya seva kuu kuumaliza. DELETE iliyochukua saa nzima huko juu inaanza kwenye replika saa nzima baadaye, na inaweza kuchukua saa nyingine. Mafungu madogo, na pumziko fupi katikati yake, ndiyo tiba. Afadhali zaidi ni skripti inayopima ubaki-nyuma wa replika na kusubiri ukizidi kiwango. Pt-archiver ya Percona Toolkit inajua kufanya hivyo.

Angalia pia kama jedwali lina ufunguo msingi. Bila ufunguo msingi wala indeksi nyingine inayofaa, replika inaweza kulisoma jedwali zima kutafuta kila rekodi ya kufuta, na ubaki-nyuma hautaisha leo wala kesho.

Kwenye PostgreSQL huenda replika ikawa inakwenda sawa, ila ripoti zinazosomwa kutoka humo zinakatwa kwa ujumbe unaotaja mgongano na urejeshaji. Ni usafishaji wa rekodi mfu kwenye seva kuu uliofika kwa msomaji aliyekuwa bado anazitumia. Panga kufuta nje ya saa za ripoti.

Dalili: kazi ya kila mwezi haiwahi tena data mpya

Mafungu yamerekebishwa, indeksi zipo, lakini data inaingia haraka kuliko inavyofutika. Hapa acha kutafuta kasi ya DELETE. Gawa jedwali kwa patishani za tarehe, ili kuondoa mwezi mzima kuwe ni kudondosha patishani moja bila kupitia rekodi moja moja.

Masharti yake yajue mapema. PostgreSQL na MySQL zinataka safu ya kugawia iwemo katika kila ufunguo wa kipekee, kwa hiyo ufunguo msingi wa id peke yake hautakubaliwa. MySQL haikubali funguo za kigeni kwenye jedwali la InnoDB lenye patishani. Oracle huacha indeksi za jumla zikiwa hazitumiki usipoongeza UPDATE INDEXES. PostgreSQL kuanzia toleo la 14 ina DETACH PARTITION ... CONCURRENTLY, inayopunguza kufunga, ila haikubali kama kuna patishani ya DEFAULT. Kuligawa jedwali kubwa lililo kazini ni mradi wenye majaribio yake. Usiuanze usiku uleule diski inapojaa.

Dalili: imefuta rekodi 0, au imefuta kupita kiasi

Sifuri: mara nyingi umetumia NOT IN na orodha yenye NULL. Ikiwemo NULL moja tu, sharti haliwi kweli kwa rekodi yoyote. Tumia NOT EXISTS.

Kupita kiasi kunaweza kutokana na ON DELETE CASCADE (inayofuta watoto pamoja na mzazi) iliyosahaulika, lakini mtego mbaya kuliko wote ni huu:

```
DELETE FROM viambatisho
WHERE tukio_id IN (SELECT tukio_id FROM ya_kufuta);
```

Jedwali la ya_kufuta lina safu inayoitwa id. Halina tukio_id. Ungetegemea kosa, lakini halitokei. Kanzidata inapoikosa tukio_id ndani, inaichukua ya nje, ya viambatisho, na sharti linakuwa kweli kwa kila kiambatisho chenye tukio_id. Nimeshuhudia jedwali zima likiondoka kwa amri hii. Andika jina la jedwali mbele ya safu kila mara, yaani SELECT y.tukio_id FROM ya_kufuta y, na amri itakataa kabla ya kufuta chochote. Tena, geuza kila DELETE iwe SELECT COUNT(*) kwanza, na ulinganishe idadi na ulichotarajia.

SIMAMA HAPA, MARA MOJA: ukigundua umefuta visivyo, na COMMIT haijapita, andika ROLLBACK. Ikiwa imepita, simamisha programu isisome wala kuandika na kazi zote za usafishaji, kisha andika saa na dakika ya tukio. Mtaalamu atahitaji muda huo kuliko kitu kingine chochote.

Usirejeshe bakapu juu ya kanzidata iliyopo. Irejeshe kwenye seva nyingine hadi dakika moja kabla ya tukio, kisha unakili rekodi zilizopotea tu. Kwenye Oracle, kabla undo haijaandikwa juu, jaribu SELECT * FROM viambatisho AS OF TIMESTAMP ya kabla ya kufuta. Kwenye MySQL, logi za binari za mtindo wa ROW kwa mipangilio ya kawaida huwa na rekodi nzima iliyofutwa, kwa hiyo zinakili mahali salama kabla hazijafikia muda wa kuondolewa. Kwenye PostgreSQL rekodi mfu zinaweza kuwa bado ziko ndani ya faili. Zima autovacuum kwa jedwali hilo na uliache bila kuguswa, kwa sababu hata SELECT ya kawaida inaweza kusafisha ukurasa unaousoma. Kisha piga simu, na mpaka mtaalamu afike, mtu yeyote asiingie kwenye seva hiyo "kujaribu kitu".